Moto wa mwezi wa nane unakula shamba



Ukipita ziwani na mtumbwi usiku, mwezi wa nane, milima ya Fizi inawaka kama mji wenye umeme. Watu wanasafisha mashamba kabla mvua ya mwezi wa tisa haijafika. Mimi nasema wazi: ushirika wetu uache moto huo.

Tuanze na muhogo. Karibu nusu ya uzito wa jani kavu ni kaboni, na kaboni hiyo haikutoka kwenye udongo. Jani limeivuta hewani kwa nguvu ya jua. Likianguka na kuoza, minyoo na vijidudu wanalikula. Sehemu ya kaboni inarudi hewani, sehemu inabaki kuwa ule weusi wa udongo unaoshika maji.

Azoti ni shauri lingine. Katika hewa tunayovuta, sehemu 78 kwa 100 ni azoti, lakini muhogo hauwezi kuila hivyo. Wanaoweza kuitengeneza iwe chakula cha mmea ni vijidudu wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi ya karanga, maharagi na soya. Ng'oa mche mmoja wa karanga, pasua kinundu kwa kucha. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi.

Sasa washa moto. Kaboni inakwenda na moshi, na azoti karibu yote inaifuata. Kinachobaki ni majivu yenye potasiamu na kalisiamu. Ndiyo maana msimu wa kwanza muhogo unapendeza na mzee ananiambia, "Agronomu, unaona?" Mwaka wa tatu haniiti tena kuona. Na mvua ya kwanza ikikuta mteremko mtupu, hata majivu yenyewe yanashuka ziwani.

Karanga nazo tunazing'oa na majani yake, tunabeba mpaka nyumbani, halafu majani tunayatupa nyuma ya jiko. Ile ilikuwa mbolea ya bure! Mfuko wa urea wa kilo 50 una azoti kilo 23 tu, na bei yake huku kwetu mnaijua.

Nikiri kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilimwambia mama mmoja afukie mabua ya mahindi, apande maharagi wiki ileile. Yakatoka ya njano. Mabua yana kaboni nyingi na azoti kidogo, kwa hiyo vijidudu wanapoyaozesha wanachukua azoti ya udongo, mmea unabaki na njaa. Mabua yanalazwa juu ya udongo, ama yanafukiwa mapema, pamoja na majani mabichi au mavi ya mbuzi.

Najua mtakavyojibu. Moto unapunguza kazi, unafukuza nyoka. Kweli, na sina dawa ya mgongo unaouma. Lakini jibu zito zaidi nalisikia kwa wanaokodi: "Nilishe shamba la mtu, kesho anipokonye?" Hapo nanyamaza, maana ana haki.

Wazazi wetu waliokimbilia Tanzania mwaka 1996, waliporudi kwa meli kupitia Baraka kuanzia 2005, wengi walikuta vichaka kwenye mashamba yao. Miaka yote hiyo majani yalianguka yakaoza hapohapo, na waliolima vichaka vile wanakumbuka mavuno yake. Leo watu ni wengi, hakuna wa kupumzisha shamba miaka tisa. Karanga na majani yasiyochomwa ndiyo mapumziko tuliyobaki nayo.

Kwa hiyo naomba ushirika uandike mkataba mmoja wa kukodi: miaka mitatu siyo msimu mmoja, bila moto, karanga ama maharagi mara moja kila mwaka, majani yabaki shambani. Mwenye shamba atarudishiwa udongo wenye nguvu, mkodi atavuna alichokilisha. Tuusome kwenye mkutano kabla ya mwezi wa nane, na wenye mashamba waitwe pia, siyo wapangaji peke yao.