Kitu kikirudi, nani alipe motari?

Chini ya faktura nyingi za hapa Butembo na Beni kuna maneno ya Kifaransa ambayo hata asiyesoma Kifaransa anajua maana yake: "Les marchandises vendues ne sont ni reprises ni échangées." Yaani kitu kikishauzwa hakirudishwi wala hakibadilishwi. Maneno hayo yaliandikwa kwa ajili ya duka lenye mlango. Mtu aliingia, akashika kiatu, akakivaa, akatembea nacho hatua mbili, akavutana bei, ndipo akalipa. Siku hizi wauzaji wa WhatsApp na Facebook wameyachukua maneno yale yale na kuyabandika chini ya picha. Kwa maoni yangu hapo hayafai. Tena anayeumizwa nayo si mnunuzi peke yake. Muuzaji mdogo naye anaumia, na mara nyingi ndiye anayeumia zaidi.

Tueleze kwanza biashara yenyewe. Wengi wanaouza kwa telefoni katika miji yetu hawana depo wala duka. Wanapokea picha toka kwa mwenye depo ambaye mali yake imepitia Kasindi, wanaongeza faida kidogo juu ya bei, wanaituma picha katika vikundi. Mteja akipatikana, wanakwenda depo kuchukua kitu, wanampa motari, pesa inaingia kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Kati ya wauzaji hao kuna mama na dada wengi waliohama vita, wakiwemo wale waliotoka upande wa kusini mwa Lubero tangu mapigano yalipofika Kanyabayonga mwezi Juni 2024. Walikuwa na shamba, wengine walikuwa na meza sokoni. Hapa wana telefoni na kona ya nyumba katika jamaa iliyowapokea. Biashara ya picha haiwadai mtaji mkubwa, ndiyo maana wanaiweza.

Lakini biashara hiyo ina shimo, nalo ni kitu kinaporudi. Kiatu ni kidogo. Kikwembe si rangi ile iliyoonekana katika picha. Shaja haiingizi moto. Mnunuzi anakataa, motari anadai pesa yake ya kwenda na ya kurudi, mwenye depo anasema kitu kikishatoka hakiingii tena. Yule mama anabaki katikati na kiatu mkononi. Hawezi kukivaa, hawezi kukiuza kwa bei ile ile, na deni la depo liko pale pale.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu haya ni manung'uniko tu. Tuseme jozi ya viatu inatoka depo kwa franka 28.000, nawe unaiuza 35.000. Faida ni 7.000. Motari wa kwenda analipwa na mnunuzi, tuseme 2.000. Umepata wanunuzi 20. Kati yao 17 wanaridhika, wawili wanaomba namba nyingine, mmoja anarudisha kabisa kwa sababu soli imebanduka.

Kwa wale wawili, motari anarudisha jozi ya kwanza na kupeleka ya pili. Ni 4.000 kwa kila mmoja, jumla 8.000. Kwa yule mmoja, unamrudishia 35.000 yake pamoja na 2.000 aliyomlipa motari, tena unalipa 2.000 ya kurudisha. Kiatu kibovu unakiuza sokoni kwa 15.000, wakati wewe ulikichukua kwa 28.000. Hasara hapo ni 13.000, ongeza 4.000 za motari, inakuwa 17.000. Marudio yote pamoja yamekula 25.000. Jozi 19 zilizouzwa zilileta faida ya 133.000, unabaki na 108.000.

Ukiangalia vizuri, haujafa. Gawanya 25.000 kwa wanunuzi 20, utapata franka 1.250 kwa kila jozi. Hiyo ndiyo bei ya marudio. Ipo hata usipoiandika. Tofauti ni kwamba anayeijua anaiweka ndani ya bei tangu mwanzo, anauza 36.500 badala ya 35.000. Asiyeijua anakula faida yote mwanzoni mwa mwezi, halafu kiatu kinaporudi anakopa ili kurudisha pesa ya mtu, ao anazima telefoni. Mali bila daftari huisha bila habari.

Wengi wataniambia: ukiongeza 1.500 mteja anakwenda kwa mwingine. Inawezekana, kwa siku ya kwanza. Lakini mteja wa mtandao hanunui kiatu tu, ananunua pia usingizi wa usiku ule. Akiona umeandika wazi kwamba namba isipomwenea atabadilishiwa, atalipa ile 1.500 bila kulalamika kuliko kumpa 35.000 mtu asiyemjua ambaye ameandika kwamba hakuna kurudisha. Katika miji hii habari ya muuzaji mbaya inafika Beni kabla ya basi, na toka hapa hadi Beni ni kilomita 54 tu.

Wengine wataniambia kwamba wanunuzi nao ni wajanja. Ni kweli. Kuna anayeagiza nguo Ijumaa, anaivaa kwenye arusi Jumamosi, Jumatatu anasema haimwenei. Kuna anayebadilisha betri ya telefoni na kurudisha ile ya zamani. Kwa hiyo sisemi kila kitu kipokelewe. Nasema kanuni iwepo, ijulikane kabla pesa haijatumwa, na isimame juu ya swali moja: kosa ni la nani?

Kitu kikiwa kibovu, ao si kile kilichokuwa katika picha, muuzaji analipa motari pande zote mbili na kurudisha pesa. Kitu kikiwa kizima ila mnunuzi alitoa namba isiyo yake, mnunuzi analipa motari wa kubadilisha. Mnunuzi akigeuza mawazo tu, pesa ya motari ni yake pande zote, na kitu kiwe hakijavaliwa, kibandiko chake bado kipo, na saa 24 hazijapita. Andika mistari hii mitatu, itume kwa kila mteja kabla hajalipa, mwombe ajibu "nimekubali". Jibu hilo lihifadhi.

Sheria yetu yenyewe inakwenda upande huo. Agizo la 30 Julai 1888 juu ya mapatano, ambalo bado linatawala kuuza na kununua katika nchi yetu, linamtaka muuzaji abebe kasoro zilizofichika za kitu alichouza. Kasoro za wazi, zile ambazo mnunuzi angeweza kujionea mwenyewe, habebi. Sasa jiulize: mtu aliyenunua kwa picha, alijionea nini? Soli iliyobanduka haionekani kwa picha. Na tangu 13 Machi 2023 tuna sheria inayoitwa Code du numérique, ambayo inagusa biashara ya mtandao na maandishi ya kielektroniki. Basi muuzaji asidhani kwamba maneno ya WhatsApp ni maneno ya hewa.

Wenye ndugu Ubelgiji ao Ufaransa wamesikia kwamba kule mtu anarudisha kitu alichonunua kwa mtandao ndani ya siku 14 bila kueleza sababu. Ni kweli, ndiyo sheria ya Umoja wa Ulaya. Lakini watu husahau sehemu ya pili: posta ya kurudisha, muuzaji anaweza kumwachia mnunuzi, mradi alimwambia mapema. Aliyenyamaza, gharama inamrudia. Siku 14 ni nyingi mno kwa mama ambaye mtaji wake wote ni jozi tano za viatu. Lakini kanuni ile ya kusema mapema haigharimu hata franka moja, tunaweza kuichukua leo.

Njia nzuri zaidi ya kupunguza gharama ya marudio ni kitu kisirudi, na hapo kazi ni ya muuzaji. Usitume picha ya depo peke yake. Toa kitu nje, kipige picha mchana bila kukirembesha, onyesha na upande wenye alama. Kwa viatu, mwambie mteja asimame juu ya karatasi, achore mguu, apime urefu kwa sentimita. Namba 38 ya kiwanda kimoja si 38 ya kingine, lakini sentimita hazidanganyi. Kwa shaja na redio, zijaribu palepale depo kabla ya kulipa. Kwa telefoni, bonyeza *#06#, andika namba ya IMEI inayotokea na umtumie mteja, ili inayorudi iwe ndiyo ile iliyokwenda. Na motari mlipe kidogo zaidi asubiri dakika kumi mlangoni mpaka mteja ajaribu kiatu. Dakika hizo kumi ni rahisi kuliko safari nyingine.

Motari naye tumwangalie. Mara nyingi ndiye anayegeuzwa sanduku la hasara: mnunuzi anakataa kulipa kwa sababu kitu kibaya, muuzaji anakataa kwa sababu hakuuza, na yeye amekwisha kuchoma mafuta. Kitu kilichofungwa hakukifunga yeye. Safari aliyoifanya ilipwe, kosa liwe la nani.

Sasa nije kwa wenye depo, maana bila wao yote haya ni kumbebesha mzigo yule aliye mdogo. Mwenye depo anayempa mama wa kuhama jozi kumi za viatu kwa deni anafaidika na miguu yake, na mdomo wake, na vikundi vyake vya WhatsApp. Anauza bila kulipa duka jingine. Basi soli ikibanduka, kasoro hiyo ilitoka ndani ya katoni yake. Aipokee. Hatuombi sadaka. Wakubaliane tangu siku ya kuchukua mali: kibovu kinarudi depo ndani ya siku tatu, kizima kilichokosea namba kinabadilishwa. Mama ambaye depo yake inakataa sharti hilo, na atafute nyingine, ama achukue vitu vichache ambavyo anaweza kuvijaribu mwenyewe. Katika hesabu ile ya juu, kama depo ingepokea jozi moja mbovu, ile hasara ya 13.000 isingekuwepo, na bei ya marudio ingeshuka toka 1.250 hadi 600 kwa jozi.

Tena tusiende kila mtu peke yake. Wengi wa mama hawa wako katika vikundi vya AVEC. Wanajua kwamba kando ya akiba kuna kisanduku cha mshikamano, ambamo kila mmoja anatia kidogo kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Wauzaji kumi wa mtandao wanaweza kufanya kisanduku cha marudio namna hiyo hiyo: kila kitu kinachouzwa, franka 1.000 inaingia. Kitu kikirudi na kosa si la muuzaji, kisanduku kinalipa. Wanaweza pia kuchagua mahali pamoja karibu na soko, vitu vya kurudi vikusanywe pale, motari mmoja avipeleke depo mara moja kwa siku badala ya safari sita. Vya Beni vifungwe pamoja, viende kwa basi mara moja kwa juma.

Nawaambia pia wanunuzi, na hasa jamaa za wahami ambao wanaagiza sufuria ao blanketi kwa pesa waliyoisubiri miezi: ulizeni kabla ya kutuma pesa. "Kikiwa kibovu, nani analipa motari?" Muuzaji anayejibu wazi, hata kama jibu lake si tamu, ni bora kuliko anayesema "usijali, mama". Na unapohama toka mtaa huu kwenda mwingine, mjulishe muuzaji kama bado ana pesa yako. Chukua picha za kitu saa ile ile unapokifungua, motari akiwa bado yupo.

Yale maneno ya Kifaransa yaliyo chini ya faktura yabaki dukani, ambako mtu anashika kitu kwa mikono yake. Chini ya picha andika maneno mengine kwa Kiswahili chetu, mafupi, ambayo mama wa Furu na mama wa Oicha wote watayaelewa: kibovu narudisha mimi, namba ukikosea tunabadilisha, motari analipwa. Anayeona ni maneno ya hasara, achukue kalamu na afanye hesabu ya mwezi mmoja.