Jina Halisemi Yote

Wanafunzi wenzangu, nani kati yetu hajaulizwa jina lake la mwisho, na papo hapo akatajiwa kabila lake na tabia zake zote? Kwa maoni yangu, huko ni kujidanganya. Hebu tuwatazame Waingereza.

Kwao jina la ukoo hutoka kwa baba. Smith maana yake ni mhunzi, na kwa kuwa wahunzi walikuwa kila mahali, akina Smith si damu moja. Wenye majina adimu, aghalabu babu yao huwa mmoja. Wataalamu hulijua hilo kwa kuchunguza kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwana wa kiume, sawasawa na jina.

Sasa sikieni kioja! Mwaka wa 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walieleza habari za wanaume 18 wenye jina moja adimu la Yorkshire. Saba kati yao walikuwa na kromosomu Y yenye asili ya Afrika Magharibi! Watu weupe pe, na nasaba yao ilipofuatwa hadi karne ya 18, huyo babu Mwafrika hakuonekana.

Jamani, ikiwa jina la Kiingereza limemficha Mwafrika, langu na lako yamewaficha akina nani? Ni kweli, mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili ni ndefu kuliko jina. Basi tukichagua viranja, tutazame kazi ya mtu, si jina la babake.