Chaja inapolia usiku: mlio upi ni wa kawaida, upi ni wa hatari?

UCHAMBUZI | Gihosha, Bujumbura

Umeme ukirudi usiku Gihosha, kila mtu hukimbilia prizi, au soketi kama wanavyoiita waliopita Tanzania. Katika ua wenye vyumba kadhaa vya kupanga, ralonji moja huweza kubeba simu za familia tatu, taa ya kuchaji, redio na betri za tochi. Kelele za ua zikitulia, chaja moja huanza kulia: mlio mwembamba kama wa mbu, au mvumo mzito kama wa nyuki. Wengine wanalala hivyo hivyo. Wengine wanachomoa kwa hofu, na asubuhi simu haina moto.

Kwa mkimbizi, simu isiyo na moto ni hasara kubwa. Ndiyo inayopokea pesa ya Lumicash, ujumbe kuhusu msaada, na habari za ndugu aliyebaki Uvira au aliyepelekwa kambi ya Musenyi. Kwa mwenyeji ni vivyo hivyo: biashara yake imo ndani ya simu. Ndiyo maana inafaa kujua sauti hizo zinasema nini.

Jibu fupi ni hili. Mlio mwembamba peke yake kwa kawaida si dalili ya moto. Kutatarika, harufu ya kuungua na joto kali ni hatari, na hapo usisubiri. Lakini chaja nyingi mbovu hazilii kabisa, kwa hiyo chaja iliyo kimya nayo ichunguzwe.

Kwa nini chaja inalia

Umeme wa ukutani ni volti 220 hivi, na simu ya kawaida inataka volti 5. Ili kuushusha, chaja ndogo za siku hizi huukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha kwenye transfoma ndogo. Sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi 20,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo chaja ikiwa kazini huwa hatuisikii.

Simu ikikaribia kujaa, au ikichomolewa na chaja ikabaki ukutani, kazi hupungua. Chaja hufanya kazi kidogo, hupumzika, kisha hurudia. Mwendo huo wa polepole unaingia kwenye sauti tunazosikia, na nyaya zilizosokotwa ndani pamoja na vipande vidogo vya saketi hutetemeka. Watengenezaji makini huzishika nyaya hizo kwa gundi. Wa bei rahisi huiacha gundi ili kupunguza gharama. Mlio huo unakuambia kwamba chaja ni ya bei nafuu, haujakuambia kwamba itawaka.

Wanaotumia sola pamoja na inveta ya bei ya chini husikia mvumo zaidi, kwa sababu umeme wa inveta hizo si laini kama wa REGIDESO. Chaja ikivuma hapo bila kupata joto, tatizo kwa kawaida ni la inveta. Ikipata joto, ichomoe.

Sauti za kuogopa

Kutatarika kama mahindi yanayokaangwa, au sauti ya kukwaruza inayokuja na kukatika, ina maana umeme unaruka mahali pasipogusana vizuri. Mara nyingi chanzo ni prizi iliyolegea au ralonji iliyobebeshwa mzigo, wala si chaja yenyewe. Cheche hizo ndizo zinazoyeyusha plastiki na kuwasha pazia.

Mlio mpya kwenye chaja ambayo miezi yote ilikuwa kimya nao ni onyo, kwani huenda kipande cha ndani kinakufa. Na betri yenyewe haitakiwi kutoa sauti yoyote. Ikitoa mlio wa kufoka kama mvuke, ikivimba au ikitoa harufu tamu ya ajabu, gesi inatoka ndani. Ondoa watu kwanza.

Hatari isiyo na sauti

Ndani ya chaja, upande wa volti 220 na upande unaogusa simu yako hutenganishwa na nafasi ya milimita chache na plastiki maalumu. Katika chaja bandia nafasi hiyo hupunguzwa. Mwaka 2016 taasisi ya kupima usalama ya UL ilijaribu chaja bandia 400 za iPhone, na 397 zilishindwa kipimo cha kuzuia umeme usivuke. Kati yake, 12 zilikuwa mbovu kiasi cha kuweza kuua mtu. Kosa hilo halitoi mlio wowote. Ukihisi simu inakutekenya vidoleni inapochajiwa, usiizoee hali hiyo: badilisha chaja, na usiongee na simu ikiwa ukutani, hasa ukiwa umesimama peku kwenye sakafu yenye maji.

Betri za tochi nazo zina udanganyifu wake. Betri ya duara ya lithiamu iitwayo 18650 hupimwa uwezo wake kwa mAh. Nzuri za kawaida hazizidi 3,600 hivi, lakini sokoni utakuta zilizoandikwa 9,900. Hiyo ni namba ya uongo. Mizani ya dukani inaweza kukusaidia: betri halisi ya aina hiyo ina uzito wa gramu 45 hivi, na nyingi za uongo ni nyepesi sana. Betri hizo zikifika volti 4.2 zinatakiwa kuachwa. Chaja ya uongo isiyojua kuacha huendelea kusukuma umeme, na hapo ndipo betri huvimba au kuwaka. Kwa sababu hiyo usiunganishe betri ya lithiamu moja kwa moja na paneli ya sola, wala usitumie chaja ya betri ya gari.

"Usichaji ukiwa umelala": ushauri unaogongana na maisha

Mabango mengi ya usalama husema tusichaji usiku. Ni ushauri sahihi. Lakini anayeutoa lazima akumbuke kwamba Burundi ni miongoni mwa nchi ambazo watu wachache sana wana umeme nyumbani, na hata Bujumbura hukatika mara kwa mara. Umeme ukija saa sita za usiku na kuondoka alfajiri, ni nani atakayeuacha upite?

Madhara ya hitilafu ya umeme usiku tunayajua. Alfajiri ya tarehe 7 Desemba 2021 gereza la Gitega liliungua. Serikali ilitangaza vifo 38, na wizara ya mambo ya ndani ikasema chanzo kilikuwa hitilafu ya umeme. Hakuna aliyesema ni chaja, lakini funzo linatuhusu: mahali penye watu wengi, magodoro mengi na mlango mmoja, cheche ndogo haimpi mtu nafasi.

Kwa hiyo, badala ya kukatazana tu, ua mmoja unaweza kukubaliana hivi:

- Sehemu moja ya kuchajia, juu ya saruji au vigae, mbali na godoro, chandarua, mkaa na mlango wa kutokea.
- Zamu ya mtu mmoja kukesha saa moja au mbili, kisha kuchomoa vyote. Simu nyingi hazihitaji usiku kucha.
- Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache, kwa sababu mara nyingi hurudi kwa kishindo.
- Ralonji isichomekwe kwenye ralonji nyingine. Pasi na jiko la umeme visikae pamoja na chaja.
- Gusa chaja baada ya nusu saa. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa huwezi kuishika, iache kabisa.
- Moto ukitokea, zima umeme kwanza kabla ya kumwaga maji. Moshi wa betri ni sumu, usiuinamie.

Mzigo huu usibebwe na mpangaji peke yake. Mwenye nyumba anayepokea kodi ana wajibu wa kukaza prizi iliyolegea. Ofisi ya viwango ya Burundi, BBN, ndiyo yenye kazi ya kuzuia bidhaa bandia kabla hazijafika dukani. Na mashirika yanayowataka wakimbizi wapokee kila kitu kwa simu yafikirie pia simu hiyo itachajiwa wapi: kituo kimoja cha kuchajia mchana, chenye vifaa vizuri na kilicho wazi kwa wakimbizi na wenyeji, kingepunguza chaja nyingi zinazoachwa zikilia kando ya watoto waliolala.