Hesabu wasomaji, usiwafuatilie

Kituo cha afya kinahitaji kujua kimewaona watoto wangapi kwa mwezi ili kiagize chanjo za kutosha. Lakini idadi hiyo haibandikwi ukutani pamoja na majina ya mama zao. Utaratibu huo unamfaa pia mwenye tovuti binafsi inayozungumzia afya.

Tuseme muuguzi wa Morogoro mjini anaandika kwenye tovuti yake kuhusu unyonyeshaji, kifua kikuu na uzazi wa mpango. Si vibaya kutaka kujua mada ipi inasomwa zaidi. Shida ni programu anayotumia kuhesabu. Nyingi huacha kwenye simu ya msomaji alama iitwayo kuki, inayomtambua kila anaporudi. Taarifa hizo zikifika kwa kampuni za matangazo, binti aliyesoma kuhusu mimba anaweza kuanza kuletewa matangazo ya nepi, kwenye simu anayotumia pamoja na mama yake.

Si hofu ya bure. Februari 2023, kampuni ya GoodRx ya Marekani, inayosaidia watu kupata dawa kwa bei nafuu, ilikubali kulipa faini ya dola milioni 1.5, bila kukiri kosa, baada ya kudaiwa kuzipa Facebook na Google taarifa za afya za watumiaji wake. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti.

Zipo programu zinazohesabu bila kufuatilia. Plausible, kwa mfano, haitumii kuki. Hugeuza anwani ya intaneti ya msomaji kuwa msimbo usiosomeka, na ufunguo wa msimbo huo hufutwa kila baada ya saa 24. Kesho yake, msomaji yuleyule huhesabiwa kama mgeni mpya.

Hata hivyo, namba ndogo nazo humwanika mtu. Muuguzi huyo akituma kiungo maalumu kwa kundi la WhatsApp la akina mama 12 wa Mgeta, kisha ripoti ikaonyesha kuwa kupitia kiungo hicho ukurasa wa dawa za kufubaza VVU umefunguliwa mara moja, saa nane usiku, tayari mmoja kati ya 12 amenusurika kidogo tu kutajwa. Kwenye vijiji vya Uluguru, ambako watu wanajuana, wengine watakisia jina.

Kwa hiyo atumie kiungo kimoja kwa wote, aangalie jumla ya mwezi badala ya saa, na awaeleze wasomaji kwa mistari miwili anachohesabu. Kabla ya kuongeza kipimo kingine, ajiulize: kitabadilisha nini katika ninachoandika?

Kujua kuwa ukurasa wa kifua kikuu umefunguliwa mara 60 kunatosha kumwambia aandike zaidi. Nani aliufungua, hiyo ni siri ya msomaji.