Staa Katembea na Fimbo Baada ya Kiharusi, Mnacheka Nini?

Kuna staa mmoja wa zamani wa Bongo, jina kapuni, klipu yake imezunguka sana wiki hii. Anatembea taratibu barazani, mkono umejikunja, mguu anauburuta, mdogo wake kamshika kiunoni. Komenti sasa! “Karogwa huyo.” “Dhuluma hiyo inamrudia.” “Si akapumzike tu ndani?”

Jamani, huyo hajarogwa. Ni kiharusi. Mshipa wa damu kichwani ukiziba au ukipasuka, sehemu ya ubongo inakosa damu na kufa. Ukiumia upande wa kushoto, mwili unagoma kulia.

Ila ubongo unafundishika. Sehemu zilizobaki nzima zinaweza kujifunza kazi za zile zilizokufa, na zinajifunza kwa kurudiarudia: kusimama, kushika kikombe, leo hatua kumi, kesho kumi na mbili. Miezi ya mwanzo ndo yenye faida kubwa zaidi. Kwa hiyo kule “kujitesa” barazani, akiwa anaelekezwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ndo dawa yenyewe. Anayemwambia akalale ndani anamnyima dawa. Na akijificha kwa kuogopa komenti, miezi hiyo hairudi.

Halafu nyie mnaocheka, mnajiona salama kisa vijana? Kiharusi hakiulizi umri. Sababu yake kubwa ni presha, na presha haipigi hodi. Mtu anatoka geto kwa bodaboda, anashinda kwenye kiti, usiku chipsi mayai na simu mpaka saa nane.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Yaani dakika 30, siku tano. Sio lazima jimu ya hela nyingi. Shuka daladala vituo viwili kabla, tembea kwa kasi. Jiunge na wale wa jogging wa mtaani kwenu. Na ukapime presha. Kama ushapewa dawa, mazoezi hayachukui nafasi yake.

Ukiona mtu ghafla uso umepinda, mkono umelegea, maneno hayaeleweki, kimbiza hospitali, sio kwa mganga. Hapo hata dakika zina thamani.

Ile klipu ikipita tena, hesabu hatua za yule staa. Kisha hesabu za kwako za leo.

Wadau mnasemaje? Tupia komenti, ila matusi hapana.