Diski Moja Yatosha Dindira
Wanaodai kwamba mfumo huria wa kompyuta haufai shule za vijijini kama za Dindira, Korogwe, kwa sababu intaneti ni dhaifu, wanakosea. Diski ikishaandaliwa mjini, Ubuntu, mmoja wa mifumo hiyo huria, huwaka kutoka humo bila kugusa mafaili ya kompyuta. Mwalimu hujaribu kwanza, kisha huamua. Kuanzia 2005 hadi 2011 Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, ilituma diski zake bure kwa posta, ikiwafikia hata wasio na mtandao wa kasi. Watasema lugha ni kikwazo. Mbona mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu huria ya ofisi, Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili? Leseni huria ndiyo iliyoruhusu tafsiri hiyo. Kinachopungua ni mafunzo, na fedha zinazookolewa kwa kutolipia leseni ziyagharamie.