Bima ya daktari inamlinda nani? (Sehemu ya 4)

Mama zangu wa Mugumu, leo tuongee ukweli. Mwaka 1885 madaktari wa Uingereza walianzisha Medical Defence Union, chama cha kumtetea daktari akishtakiwa. Kilianza kwa ajili ya daktari, si mgonjwa.

Kwetu makosa yapo pia. Mwaka 2007 pale MOI, Muhimbili, mgonjwa wa goti alipasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti.

Mimi nesi nasema: bima tuwe nayo, maana mwenye hofu huficha kosa. Ila imlipe mama haraka, asizungushwe jamani.

Wewe tunza kadi ya kliniki, uliza, omba maandishi. Nesi akikukosea, peleka malalamiko Baraza la Uuguzi na Ukunga. Hata kama ni mimi.